Nyuzi Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Mimi nikisema nambari fulani haigawanyiki, haigawanyiki. Sisemi hivyo ili nijisifu, ingawa wanawake wa Ruiru walisema nina kiburi cha kujaza gunia, na sikuwahi kuwapinga. Mume wangu Makau hunitania kwamba nikifika mbinguni nitauliza kuna milango mingapi, na nikiambiwa kumi na miwili nitasema vizuri, inagawanyika kwa tatu. Basi acheni niwaeleze habari ya zulia la Ruiru jinsi ilivyokuwa mwaka ule wa 1957, kwa sababu nasikia wengine wameanza kuisimulia vibaya.

Kwanza mjue habari za mama yangu. Anaitwa Kanini, wa Kalimoni, na kutoka Thika hadi Ruiru hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kusuka kiondo. Alikuwa na mchoro wake mwenyewe. Nyuzi nne nyeusi, tatu nyeupe, halafu nne nyeusi tena, tatu nyeupe, mpaka mchoro uzunguke kiondo chote na kurudi ulipoanzia. Nne na tatu ni saba. Na saba, kwetu sisi Wakamba na kwa jirani zetu Wakikuyu, ni nambari ambayo watu wa zamani hawakuipenda hata kidogo. Hata mtu akihesabu mbuzi wake, akifika hapo husema sita na mwingine, kisha huendelea na nane. Mama hakujali. Alisema nne na tatu zinapendeza macho, yakaisha.

Mwaka wa 1949 msichana mmoja wa Ruiru, jina lake Gathoni, aliolewa akiwa amebeba kiondo cha mama. Mwaka haukuisha, akafa akijifungua. Mtu akakichukua kiondo akahesabu nyuzi za mchoro. Kutoka siku hiyo mama yangu akawa mwanamke wa mkosi. Waliokuwa wakimwagiza vyondo hawakuja tena. Wale waliokuwa wakiketi naye sokoni Thika wakasogeza vitu vyao mbali, mmoja mmoja, bila kumwambia neno. Mama akazitundika nyuzi zake chini ya paa la jikoni, na kwa miaka minane hakusuka hata kamba ya kufungia mbuzi. Jambo hilo liliniuma sana. Linaniuma hata sasa ninapolitaja, kwa sababu watu hao hao kila Jumapili walijaa kanisani wakiimba kwamba hawaogopi kitu.

Gathoni alikuwa na dada mkubwa, Waceke. Huyo Waceke, ulipojengwa ukumbi wa akina mama pale Ruiru, ndiye aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na chumba kimoja cha mviringo cha kukutania. Fundi aliyeujenga, Githinji, alizungusha ukingo wa simiti sakafuni, akaacha katikati duara la futi kumi na moja na inchi mbili kutoka upande hadi upande. Kamati ikaamua duara hilo lijazwe na zulia la mkonge, lisukwe kama kitako cha kiondo, kuanzia katikati kwenda nje, na pembezoni liwe na mistari ya michoro. Kila msukaji angeweka mchoro wake, mstari mmoja wenye upana wa kidole gumba. Sisi wa Thika tulialikwa tukasuke pamoja na wa Ruiru. Wakati huo wa Hali ya Hatari wenzetu Wakikuyu hawakuweza kutoka Ruiru bila kibali, kwa hiyo sisi ndio tuliopanda gari moshi kuwafuata.

Nilikwenda na jambo moja tu moyoni. Nilitaka mchoro wa mama uwe katika zulia lile, mbele ya macho ya watu wote waliomkimbia. Nilijua kwamba usipoingia hapo, mama atakufa akiitwa mwenye mkosi, na mimi nitabaki nikigombana na watu sokoni hadi nizeeke.

Siku ya kwanza kila mtu alitaja mchoro wake. Waceke alikuwa na wa nyuzi tisa. Idah, msichana mcheshi aliyekuwa amesoma kidogo, alikuwa na wa nane. Wengine walikuwa na wa tano, wa sita, wa nne, na mmoja wa kumi. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Saba. Nne nyeusi, tatu nyeupe."

Waceke alinitazama juu chini.

"Michoro sita inatosha, Mama Mbuvi," akasema. Mbuvi ni mwanangu wa kwanza. "Wewe utatusaidia kusokota nyuzi."

"Juma lina siku ngapi, Mama Muigai?" nikamwuliza, nami nikimwita kwa jina la mwanawe.

"Usinifundishe Biblia. Nilimzika dada yangu."

Nilikuwa na hasira, lakini mtu akikutajia kaburi la dada yake utamwambia nini? Nikaketi chini nikasokota nyuzi.

Hesabu ya nyuzi walimpa Mwalimu Absalom, aliyefundisha shule ya karibu. Mtu mzuri, Absalom, ila alipenda nambari zenye sifuri kama watoto wanavyopenda miwa. Alipima duara, akaandika ubaoni, akatangaza kwamba nyuzi sita zinaenea inchi moja, kwa hiyo ukingoni zinatakiwa kama elfu mbili mia tano na ishirini na sita. Halafu akafuta ile ishirini na sita kwa kiganja.

"Elfu mbili na mia tano," akasema. "Nambari iliyokaa vizuri. Itatii kila mchoro."

"Haitatii," nikasema.

"Mama, hii ina sifuri mbili mwishoni."

"Hata ingekuwa nazo kumi. Ya tano itatii, ya nne na ya kumi pia. Tisa haiingii humo, wala nane, wala sita. Nyuzi zitabaki mkononi."

Akatabasamu kwa upole, vile mwalimu anavyomtabasamia mzazi aliyekuja shuleni kulalamika. Waceke akasema kazi ianze. Mimi nilisoma hadi darasa la sita kwa wamishonari na hesabu ndiyo iliyonishika, lakini pale nilikuwa msokota nyuzi, na msokota nyuzi hasikilizwi. Nikajisemea moyoni, haya, sukeni.

Tulisuka wiki nne. Zulia lilianza na nyuzi chache katikati, tukawa tunaongeza kadiri linavyopanuka, na Absalom akija jioni kuzihesabu kwa kalamu. Zilipofika elfu mbili na mia tano kamili tuliacha kuongeza, ukaanza mstari wa kwanza wa mchoro. Ulikuwa wa Waceke, maana ndiye mwenyekiti. Tisa, tisa, tisa, tukizunguka. Alikuwa na mkono mzuri Waceke, sitamnyima haki yake. Mchoro wake ulikuwa umbo kama jani la kahawa, na kila jani lilikaa mahali pake.

Asubuhi moja jani la mwisho lilikutana na la kwanza. Au tuseme lilikataa kukutana. Kati yao palibaki nyuzi tupu zisizo na mchoro. Idah alipiga magoti akazihesabu kwa kidole, akafika sita, akainua uso akatutazama.

"Sema tu," nikamwambia. "Nambari haing'ati."

"Saba," akasema.

Mwanamke mmoja alitoka nje bila hata kuchukua leso yake. Waceke alisimama taratibu, akanielekezea kidole.

"Ni wewe. Umetuletea mambo ya mama yako humu ndani. Nilikukatalia mlangoni, ukayaingiza kwa nyuzi ulizosokota."

Nimetukanwa mara nyingi maishani na huwa ninarudisha. Siku hiyo sikurudisha, kwa kuwa nilijua maneno hayo yatafika Kalimoni kabla yangu. Mama angesikia kwamba amelaani na zulia pia. Nilienda ubaoni, nikachukua chaki.

"Mwalimu Absalom aitwe," nikasema. "Sitasema neno mpaka aje."

Akaja mbio. Nikampa chaki. "Gawanya elfu mbili na mia tano kwa tisa, hapa, mbele ya watu."

Akagawanya. Mia mbili sabini na saba mara tisa ni elfu mbili mia nne tisini na tatu. Akatoa. Mkono wake ukasimama ubaoni.

"Zimebaki ngapi?" nikauliza.

"Saba," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulipoandika nambari hii, mimi nilikuwa nimesokota hata uzi mmoja?"

"Hapana."

"Basi hizo saba zilikuwamo tangu siku ile. Hakuna aliyezileta. Tungesokota nyuzi za hariri au za dhahabu, zingebaki saba. Na ule mchoro wa Idah wa nane, zitabaki nne. Wa sita vilevile. Mwambie Mama Muigai kama nadanganya."

Absalom aligawanya yote, jasho linamtoka, kisha akamgeukia Waceke. "Mwenyekiti, kosa ni langu," akasema. Kwa neno hilo namheshimu mpaka leo, kwa maana walimu wanaolisema ni wachache.

Waceke aliketi. Hakuniomba msamaha, wala sikutegemea. Alisema tu, "Basi tutafutiwe nambari nyingine. Itakayotii michoro yetu sita. Na isiwe na saba ndani yake."

"Tafuta, Mwalimu," nikasema. "Mimi nitakaa pale nikinywa chai."

Nilikuwa nimeshaijua, bila shaka. Nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Lakini nikiitoa mimi wangesema ni mtego. Absalom alikaa na daftari lake siku mbili, na siku ya tatu akaja uso umemshuka, akaandika ubaoni. Nambari inayotii nne, tano, sita, nane, tisa na kumi kwa pamoja, ndogo kabisa, ni mia tatu na sitini. Baada ya hapo ni lazima uiongeze hiyo hiyo, mara mbili, mara tatu, huwezi kuchukua nyingine ya katikati. Elfu mbili mia moja na sitini, zulia lingepungua futi moja na nusu, sakafu ibaki wazi. Elfu mbili mia nane na themanini, lingepanda juu ya ukingo wa Githinji futi na nusu.

"Na kati ya hizo mbili?" Waceke akauliza.

"Iko moja tu. Elfu mbili mia tano na ishirini. Nimeipima. Inaingia ndani ya ukingo bila kupungua wala kuzidi." Akakohoa. "Ni mia tatu na sitini mara saba."

Nikasimama. Nakiri nilikuwa nafurahi, na sikuificha furaha yangu.

"Sikilizeni," nikasema. "Nambari hii ina adabu kuliko watu. Mleteni mwenye mchoro wa mbili, itampa nafasi. Wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka kumi, kila mmoja atazunguka na kurudi kwake bila kubakisha uzi. Na hakuna ndogo kuliko hii inayofanya hivyo, tafuteni mpaka mchoke. Haimfukuzi mtu. Mnaweza kuukataa mchoro wa saba, ni haki yenu, lakini nambari imeshaukaribisha. Mtakuwa mmekalia saba mwaka mzima bila kuiona. Mwalimu, hebu tuambie, hilo duara ulilipimaje?"

"Nilizidisha kwa ishirini na mbili, nikagawanya kwa..." Ile saba ikamwishia mdomoni. Idah akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa leso, na wengine wawili wakacheka pia.

Waceke hakucheka. "Lakini zulia limeshasukwa," akasema. "Kuingiza nyuzi ishirini sasa kutaacha vinundu. Wageni wa kufungua ukumbi watavikanyaga."

Hapo alisema kweli. Kuongeza uzi kila msukaji anajua. Kuongeza uzi katika kitu kilichokwisha kukazwa, na usijulikane ulipoingia, hilo ni jambo lingine. Sisi wote mle ndani hatukuliweza, na wote tulijua ni nani anayeliweza.

"Nitamleta mama," nikasema. "Lakini akija hakai mlangoni. Akija, mchoro wake unasukwa."

"Amlete," Waceke akamwambia Idah, kana kwamba mimi sikuwepo.

Kumtoa mama Kalimoni kulikuwa kazi zaidi ya hesabu zote. "Mwaitu," nikamwambia, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "wanakuhitaji." Akasema wanahitaji mikono, si yeye. Nilibishana naye hadi nikachoka. Mwishoni nikamwambia ile nambari na mambo yake yote, moja hadi kumi. Akauliza, "Na saba inaingia mara ngapi?" Nikasema mia tatu na sitini. Akafikiri. Kisha akatafuta viatu vyake.

Huko Ruiru mama aliingia ukumbini akawasalimu wote, Waceke pia. Tulikuwa tumeufumua ule mstari wa majani. Mama alipapasa zulia kwa viganja, akaweka uzi mpya kila baada ya nyuzi mia moja ishirini na tano, mara ishirini, kuzunguka duara zima. Alipomaliza alituambia tutafute alipoziingiza. Idah alitambaa sakafuni nusu saa na hakuona hata mmoja.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Majani ya Waceke yalizunguka yakakutana, mia mbili na themanini, safi kabisa. Michoro ya Idah ikakutana. Ya sita, ya tano, ya nne, ya kumi. Kila mstari ulipofunga, wanawake walikuwa wakipumua kwa nguvu, mimi nikiwa nimekunja mikono, maana nilikuwa nimeshawaambia.

Ukabaki mstari wa nje. Mama alisuka nne nyeusi, tatu nyeupe, mara moja, akaiweka chini sindano kubwa ya mbao.

"Mimi naishia hapo," akasema. "Wengine wamalize. Nikimaliza mimi, likitokea jambo kesho watasema ni mkono wangu."

Hakuna aliyeigusa ile sindano. Nilitaka kuichukua mimi, mama akanikataza kwa macho. Mkono wangu na wake, kwa watu wale, ulikuwa mmoja. Nilisimama pale na hesabu zangu zote, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze sikujua kitakachofuata.

Waceke akapiga magoti. Akaichukua sindano. Nne nyeusi, akasuka. Tatu nyeupe. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu, na alipofika saba aliitamka. Wenzake walimsikia. Kesho yake Idah alikaa upande wa pili akasuka pia, kisha wakaja wengine, lakini Waceke hakukosa siku hata moja. Siku tatu kabla ya wageni kuja, alikuwa peke yake kwenye mwisho wa mstari, sisi tumemzunguka. Aliweka nyeupe ya tatu. Uzi uliofuata ulikuwa ule mweusi wa kwanza aliousuka mama.

Alipitisha kidole pale mara mbili, tatu. Hapakuwa na uzi uliobaki. Halafu akalia, kilio cha mtu mzima aliyekaa nacho muda mrefu, na hatukujua tumshike au tumwache.

"Nilikuwa nataka pawe na sababu," akasema. "Nilitaka awepo mtu."

Mama alijiinua kwa shida, akaenda kuketi kando yake pale sakafuni.

"Mimi nilimlilia pia msichana yule," akasema. "Nilikuja siku ya mazishi. Nilitembea kutoka Kalimoni. Nilipofika barabarani, watu wako wakanirudisha."

Mimi sikuwa nalijua hilo. Miaka minane, na hakuwahi kuniambia. Nilishika ukingo wa dirisha, hasira na huruma vikanijaa pamoja.

Waceke alifuta uso kwa upindo wa nguo. Akamwita mama yangu "Maitu", neno la Wakikuyu la kumwita mama. Akamwambia kaburi haliko mbali, ni nyuma ya kanisa, na kama miguu yake ingali na nguvu wanaweza kwenda sasa hivi.

Walikwenda wawili tu. Mimi nilitaka kufuata, Waceke akageuka mlangoni akaniambia, kwa ukali wake ule ule, nibaki nifagie vipande vya nyuzi.

Nilifagia.